Matundu Yasiyolingana

Kila nikiona boliti ya chuma imepenyezwa kwenye mbao ya mwaloni, roho hunichafuka. Wenzangu kazini wamezoea. Wanasema huyo mama wa Kirundi ana vita na vyuma, mwacheni apite. Wanadhani ni ufundi unaonisumbua. Si ufundi. Ni mzee mmoja, na ni mimi mwenyewe, na ni matundu sita niliyoyatoboa mchana kweupe kwa nia njema.

Alizaliwa lini na wa ukoo gani sijui, hakuniambia, na mimi si karani wa manispaa. Tulimwita Fundi. Mkewe alimwita Fundi. Hata wale wa ofisini, ambao Kiswahili hawakijui hata cha kuombea maji, waliandika Monsieur Fundi kwenye orodha ya zamu wakidhani ndilo jina lake la nyumbani. Hakuwasahihisha. Alisema jina la kuitwa na bazungu si la kugombania.

Tulikutana kwenye ghala moja la zamani ukingoni mwa Anderlecht, kule ambako ng'ombe bado wanakula majani na nyuma ya migongo yao unaona maghorofa ya Brussels. Ghala lilikuwa la mwaloni mtupu: nguzo, boriti, na juu yake kenchi za kubeba paa, halafu kuta za fito zilizokandikwa udongo. Lilikuwa limelala upande mmoja kama mlevi. Manispaa ikaamua kulirudisha lilivyokuwa, kwa ufundi wa kale, na ikakusanya watu wanane tuliokuwa hatuna kazi, ikatupa mkataba wa majaribio, na Fundi akawekwa awe wa kutuonyesha. Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nimetoka Buyenzi, Bujumbura, na watoto wawili na karatasi za ukaazi ambazo kila mwaka zilitaka ushahidi kwamba nina kazi. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Asubuhi tulikuwa tunakutana kituo cha Porte de Namur, yeye akitoka kwake Etterbeek, mimi nikitoka kwangu, tunateremka pamoja kupanda metro, treni ya chini ya ardhi. Alikuwa hafiki kwa wakati, kwa sababu alikuwa hawezi kupita mlango wa mbao bila kuushika. Barabara nzima ya Chaussée d'Ixelles ilikuwa inamjua. Anaingia duka la viatu, anagonga kaunta kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa, anatoka. Mlinzi nyuma yake. Siku moja mlinzi alimwuliza anatafuta nini, naye akajibu kwa Kifaransa cha shule ya mapadri kwamba anatafuta mbao, na humu ndani haimo. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilimwambia, mzee, watatuitia polisi kwa ajili ya kaunta. Akasema, "Baite. Polisi nayo iko na mlango."

Alikuwa mtu wa Likasi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga, cha ba-bantu na mu-mukono, na kati ya kila maneno matatu moja la Kifaransa. Changu alikiita cha redio. "Mama, weye unasemaka sawa nouvelles ya saa moja," alikuwa ananiambia, yaani kama taarifa ya habari. Nami nilikuwa namjibu kwamba cha kwake kimekaa kama nyumba isiyo na mlango, unaingia popote. Alikuwa anacheka kwa mabega tu, mdomo umefungwa. Kucheka kwake kote kulikuwa hivyo, kwa kubana.

Alikuwa mbanaji. Naomba hilo lieleweke kabla sijasifia mikono yake, maana mikono yake nitaisifia na watu watasahau. Hakufundisha kwa mdomo. Ukimwuliza kitu, anakuambia, "Kazi haiingiake mu masikio, mama. Inaingiaka mu macho." Basi unatazama. Lakini ikifika sehemu yenyewe, ile ambayo ndiyo siri ya kazi, anageuka. Wallahi anageuka, anakupa mgongo mpana na koti lake la buluu, anatia alama yake kwa penseli, anatoboa, na akigeuka tena jambo limeshakwisha. Nimeona watoto wanaficha sahani ya chakula vile. Mtu mzima sijaona.

Mwenyewe alifunzwa hivyo hivyo. Kwenye karakana ya misheni, mwaka wa kwanza unafagia, wa pili unanoa patasi, wa tatu unaruhusiwa kutazama, na yule bruda, mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa mkubwa wao naye alikuwa anawapa mgongo. Fundi aliiba kwa macho, kwa kujifanya anaokota vumbi la msumeno. Nilipomjua, hapa Ubelgiji kwenyewe ujuzi ule ulikuwa umebaki kwa watu wa kuhesabu, na mmoja wao ni mzee mweusi wa Likasi aliyeupata kwa kuchungulia. Ningetegemea mtu aliyeteseka hivyo awahurumie wanaokuja nyuma. Aka. Alitupimia kwa kibaba kile kile.

Sasa mikono. Alikuwa anachonga ulimi wa boriti, ile ncha inayoingia kwenye tundu la nguzo, kwa patasi na nyundo ya mti, na ukiuingiza unaingia kwa mkono mmoja na kutoka hautoki. Mwaloni aliunusa akajua umekatwa lini. Na vigingi vyake, ambavyo ndivyo vinashika mahali pa misumari, alivipasua kwa shoka dogo kufuata nyuzi za mti, hakuvikata kwa msumeno, kwa sababu msumeno, alisema, hauna adabu, unapita popote. Kigingi kilitakiwa kiwe kikavu kabisa, kikavu kuliko boriti. Akavipeleka nyumbani. Vilikaa juu ya radieta ya kupashia nyumba joto, chini ya kitanda, na siku za mvua mkewe alikuwa anavikuta kwenye oveni kando ya sombe, mboga yake ya majani ya muhogo. Niliwahi kula kwao sombe yenye harufu ya mwaloni. Mkewe aliniambia, "Maman, mimi niliolewa na mbao. Muntu alikuja nyuma." Alisema vile akiwa amenuna kweli, na Fundi alikuwa hapo hapo akigonganisha vigingi viwili sikioni. Vikavu vinalia. Vibichi vinasema "du" na kunyamaza.

Na nyumba yenyewe sasa. Mtu huyu, aliyekuwa hawezi kuvumilia kaunta ya duka la viatu, nyumbani kwake hapakuwa na kipande cha mbao. Meza ilikuwa ya vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi, mguu mmoja umeegemezwa kwa kitabu cha simu. Nilimwuliza, mzee, hii nini? Akasema ni ya bei nafuu na inafutika vizuri. Ukutani palikuwa na cheti kimoja tu, na cheti hicho kinanipandisha hasira mpaka leo. Manispaa ilituletea mtaalamu wa kutufundisha siku mbili namna ya kukandika ukuta wa udongo. Mimi, niliyekandika jiko la bibi yangu kabla sijajua kusoma, na Fundi, aliyekandika nusu ya mtaa wao, tulikaa kwenye viti vya plastiki tukaonyeshwa kwa picha kwamba udongo unachanganywa na majani makavu. Kijana wa watu alikuwa na adabu, simlaumu. Lakini mwisho wake tukapewa vyeti kwamba sasa tunajua. Changu nilikichana kwenye basi. Fundi alikitia kwenye fremu ya kioo, akakipigilia kwa misumari minne. Ya chuma.

Nilimwambia unajidhalilisha. Akasema, "Alors? Ni karatasi ya kwanza banipatia mu hii inchi yenye haisemi nirudi."

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, na sote tulikijua: ghala lile lisimame kwa mti mtupu. Bila boliti, bila bamba la chuma. Mkaguzi wa mradi, bwana mmoja mrefu mwenye makoti mazuri, alikuwa hataki kusikia. Vigingi ni vizuri kwa makumbusho, alisema, lakini hapa watu wataingia chini ya paa. Wakabishana majira mazima ya joto. Mwishowe mkaguzi akakubali jambo moja. Fundi asimamishe kenchi moja, moja tu, kwa vigingi. Viungo vikifunga sawasawa, zilizobaki zote zitafungwa kwa mti. Visipofunga, chuma. Siku ikapangwa.

Fundi aliacha kula mchana wiki ile. Alichonga viungo sita vya kenchi ile peke yake, akatoboa mwenyewe, mgongo umetugeukia wote wanane. Na wiki ile ile alikanyaga miwani yake, akaifunga kwa utepe, kioo kimoja kina ufa.

Siku yenyewe, asubuhi, tumefika, akapapasa begi na kukuta vigingi amevisahau kwenye radieta. Akageuka kuvifuata Etterbeek. Kwenda na kurudi si chini ya saa mbili, na mkaguzi alikuwa anakuja saa nane mchana. Aliniambia nifagie na nisiguse kitu.

Nilifagia. Kisha nikaingiza ulimi mmoja kwenye tundu lake, kujaribu tu, nikachungulia kwenye tundu la kigingi. Halikupitisha mwanga. Tundu la kwenye nguzo lilikuwa hapa, na la kwenye ulimi limekwenda pembeni, limejificha nusu kucha. Nikajaribu kiungo cha pili. Vile vile. Yote sita. Nikasema, yaa Rabi, mzee ametoboa na miwani mbovu, matundu yote yamekosana, na mkaguzi anakuja kumcheka mbele za watu.

Ndipo nikachukua keekee yangu ya kutobolea, ile iliyokuwa na jino lililomeguka, nikapitisha moja kwa moja kwenye viungo vyote sita. Nikanyoosha. Nikapuliza vumbi, nikafagia tena. Sikumwambia. Nilitaka kumsitiri, na nilijiona nimefanya jambo la kiungwana. Nakumbuka hata nilikuwa naimba.

Hayakuwa yamekosana. Leo mwanafunzi wangu yeyote anajua. Tundu la ulimi linasogezwa makusudi kidogo kuelekea begani mwa boriti, pale ulimi unapoanzia, ili kigingi kikavu kikipigwa kilazimike kujipinda, na katika kujipinda kivute boriti mpaka ibane nguzo pasipite hata pumzi. Kutolingana ndiko kunakofunga. Ukiyalinganisha umeua kiungo. Hiyo ndiyo siri aliyokuwa anaifichia mgongoni, sentensi mbili hizo. Mficha uchi hazai, wazee walisema.

Alirudi anahema, begi kifuani. Mkaguzi akafika na watu wawili wa manispaa. Tukaunganisha kenchi. Fundi akaweka kigingi cha kwanza, akapiga. Kilitakiwa kitake mapigo kumi na kulalamika. Kikaingia kwa mawili. Akasimama na nyundo hewani. Akaweka cha pili, kikateleza. Akaingiza kidole kwenye tundu la tatu, akapapasa ndani polepole, na uso wake sikuuona kwa sababu alikuwa, kama kawaida, ametupa mgongo.

Tukaisimamisha. Ilisimama, lakini viungo vilikuwa vimeachama. Mkaguzi akatoa kadi yake ya jina mfukoni, akaichomeka kwenye mwanya kati ya boriti na nguzo, ikaingia yote. Akaiacha hapo. Kaiacha imechomekwa, jamani, kama bei kwenye nyama. Akauliza kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya, kama kuna maelezo.

Fundi akasema kwa Kifaransa, "Ni mkono wangu."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Mdomo ninao. Kila anayenijua atakuambia mdomo ninao. Nilifikiria mkataba wa majaribio, nikafikiria karatasi, nikafikiria wanangu na shule, nikanyamaza. Mbao nyingine ya mwaloni ya kipimo kile ingechukua miezi, na mkaguzi hakuwa na miezi. Ikaandikwa chuma.

Boliti zikaja kwenye masanduku. Fundi hakuzigusa. Alimaliza mwaka akikandika kuta, kimya, udongo mpaka kwenye nyusi, na mara moja tu nilimsikia akimwambia mmoja wetu, "Chêne inakulaka chuma. Bataona." Chêne ni huo mwaloni. Mkataba wake ulipokwisha hawakumwongezea. Ripoti ilisema mkono wa mzee hauna tena uhakika. Mimi waliniongezea. Waliniongezea, wakanipeleka kusoma, nikapata diploma, nikawa fundi, na sasa ni msimamizi wa watu kumi na wawili.

Nilijiambia alinifunika. Nilijua alijua, na nikaamini amebeba lawama kwa kunihurumia mimi na wanangu, na kwa miaka mingi nilimchukia kwa huruma hiyo. Nani alimwomba? Mtu anakutendea wema mkubwa namna ile bila kukuuliza, anakwenda zake, wewe unabaki nao kama mzigo usio na pa kuutua. Nilikuwa nikimwona mbali Porte de Namur, na kofia yake, akigonga mlango wa watu, navuka barabara.

Simu ya manispaa ilikuja miaka ya elfu mbili na kumi ikiwa imepita nusu yake. Ghala linalia machozi meusi. Kuzunguka kila boliti mwaloni umeoza na kupasuka, na chuma chenyewe kinamenyeka. Mwaloni una ukali ndani yake, unakula chuma, na chuma kinauchafua, hata mtoto wa Likasi aliyefagia mwaka mmoja angewaambia. Manispaa ilikuwa na mkaguzi mwingine, mwanamke, mwenye masikio. Nilimwambia tutoe vyuma vyote na tufunge kwa mti. Akauliza kama naweza. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri.

Ningefikiri nisingekubali, kwa sababu kipimo cha kusogeza tundu nilikuwa sijui. Nilijua tundu linasogezwa, vitabu vinasema hivyo, lakini kila kitabu na lake, na mwaloni wa ghala lile, mkavu wa miaka mingi kwenye nguzo na mbichi kwenye boriti mpya, haumo kitabuni. Aliyekuwa anajua ni mmoja. Mkewe alikuwa amekwishafariki, na yeye alikuwa kwenye nyumba ya wazee pale pale Etterbeek.

Nilikwenda na maandazi, ambayo yeye huita beignets, na vigingi viwili kwenye mkoba. Amekaa dirishani, mwembamba, koti la buluu limemzidi. Nikaamkia. Akanitazama, akasema, "Mama ya redio." Nikampa vigingi kabla ya maandazi. Akavigonganisha sikioni, akanirudishia kimoja. "Hii ingali bichi."

Nilikuwa nimepanga kuzungukazunguka. Sikuweza. Nikasema, "Papa, yale matundu ya kenchi. Ni mimi niliyatoboa upya."

"Najua. Mèche ya keekee yako ilikuwa na jino ya kuvunjika. Iliachaka alama mu mbao. Niliisikia na kidole."

"Na hukusema."

"Na weye haukusema."

Basi hasira yote ya miaka ile ikanipanda. Nikamwambia mimi niliogopa kufukuzwa, nilikuwa na watoto, aibu yangu naijua na nimelala nayo. Lakini wewe, papa, wewe ulikuwa na jina. Ulikuwa na neno moja la kusema na ungelinda kazi yako na ghala lako. Mimi sikukuomba unifunike. Wewe uliogopa nini? Nesi akachungulia mlangoni, nadhani nilikuwa napaza sauti.

Fundi aliweka andazi kwenye sahani. Akalitazama.

"Sikukufunika weye," alisema. "Ningesema ni weye, bangeniuliza: papa, ulimufundisha? Njo swali nilikimbia. Sababu jibu ilikuwa hapana."

Miaka kumi nimebeba wema ambao haukuwepo.

Akaomba penseli. Nikampa yangu ya sikioni. Akavuta kitambaa cha karatasi cha maandazi, akachora nguzo, akachora ulimi, akachora tundu, mkono unayumba na mistari inayumba nayo. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Aliigeuza ile karatasi kuelekea kwangu.

"Chêne mubichi, trois millimètres. Ya kukauka, deux. Unasogeza huku, ku bega. Ukisogeza huku, unaua."

"Milimita tatu, na milimita mbili. Ni hilo tu, papa?"

"Ni hilo tu, mama."

Nilikunja karatasi nikaitia mkobani, nikamwekea maandazi karibu, nikaondoka bila kumpa mkono. Sijamsamehe, na nafsi yangu sijaisamehe. Jumatatu nilifika ghalani kabla ya watu wangu, nikaibandika ile karatasi yenye mafuta kwenye nguzo ya mlangoni, na hakuna aliyeruhusiwa kushika patasi kabla hajaisoma kwa sauti. Kenchi ile tuliifungua ya kwanza, tukaitia boriti mpya, na matundu ya ndimi tukayasogeza kama karatasi inavyosema. Kigingi kimoja kilitaka mapigo kumi na mawili.